Shahada ya Pili si Usaliti: Mhitimu wa Kiswahili na Mlango wa Uuguzi

Tusemapo "shahada ya pili" katika vyuo vyetu, aghalabu tunakusudia uzamili: mtu amepanda kutoka ngazi moja hadi nyingine katika fani ile ile. Lakini wako wahitimu wa aina nyingine ambao bado hatujawapa jina. Hawa wana shahada ya kwanza ya Kiswahili, historia au dini, nao wanateremka hadi chini ya ngazi ili waanze shahada nyingine ya kwanza, hasa ya uuguzi. Katika kaunti za Kisii na Nyamira hawatafutwi kwa tochi. Baadhi yetu huwaita watoro wa lugha. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba wao si watoro, kwamba mfumo wetu wa elimu unawadai miaka wasiyostahili kudaiwa, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu wa kuwatetea.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1998 serikali ya Kenya ilisimamisha utaratibu wa kumwajiri moja kwa moja kila mwalimu aliyehitimu. Tangu wakati huo nafasi hutangazwa kwa idadi maalum, na wanaoziwania ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Mhitimu wetu husajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, akapata nambari yake, kisha akafundisha kwa ujira wa bodi ya shule huku akingoja. Anangoja katika eneo ambalo mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata yakabaki vipande. Mzazi aliyeuza ng'ombe na kungoja bonasi ya majani chai ili alipe karo ya shahada ya kwanza hana ng'ombe wa pili. Je, ni haki kumwambia kijana huyu kwamba akibadili njia ameisaliti lugha? Lugha haijamwajiri, naye hana budi kula.

Wenzetu wa Marekani walikabiliana na suala la wahitimu wa namna hii mapema. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha programu ya uuguzi iliyoharakishwa kwa watu waliokuwa na shahada za fani nyingine. Leo programu za aina hiyo ni nyingi nchini humo, na kwa kawaida huchukua kati ya miezi 11 na 18. Mantiki yake ni nyepesi. Mwenye shahada amekwisha kujifunza kusoma kwa kina, kuandika, kutafiti na kujisimamia. Hana haja ya kufundishwa hayo mara ya pili. Anachodaiwa kabla ya kuingia ni msingi wa sayansi: anatomia, fiziolojia, maikrobiolojia, kemia na takwimu. Akishaingia husoma mfululizo pasipo likizo ndefu, na saa za kuwahudumia wagonjwa ziko pale pale.

Jambo hili si geni kwa Abagusii. Wengi wao wamefanya makao katika jimbo la Minnesota, na kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee zimewalisha na kuwasomeshea ndugu walioachwa nyumbani. Hata hivyo, mhitimu wa Kiswahili anayetoka kwetu haingii moja kwa moja katika programu hizo. Nakala za matokeo yake hutathminiwa somo kwa somo, na mafunzo ya fasihi na isimu hayawezi kujaza nafasi ya anatomia. Hivyo, wengi huanza kama wasaidizi wa wauguzi huku wakisoma kozi za sayansi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana ningependa anayetaka kutuma maombi ng'ambo atambue mapema kwamba ufupi wa programu huanza kuhesabiwa baada ya masomo ya msingi kukamilika. Aidha, ajihadhari na mawakala. Sakata la masomo ya Finland na Kanada lililowakumba wazazi wa Uasin Gishu, na kufika hadharani mwaka 2023, linatosha kuwa funzo: mlango wa chuo hubishwa kwa chuo chenyewe.

Na hapa nyumbani hali ikoje? Shahada ya uuguzi huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Njia fupi iliyozoeleka ni ya muuguzi mwenye stashahada anayejiendeleza. Mwenye shahada ya Kiswahili hurejeshwa mwaka wa kwanza, bega kwa bega na kijana aliyetoka kidato cha nne juzi. Hufundishwa upya stadi za mawasiliano na kozi nyingine za jumla ambazo chuo kilikwisha kumtahini. Ukijumlisha shahada mbili na mwaka wa mazoezi unapata miaka tisa. Akichagua stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, chenye matawi Kisii na Nyamira, atatumia miaka mitatu, lakini shahada yake ya awali itabaki karatasi ya kutundikwa ukutani.

Pendekezo langu ni hili. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013, kinafundisha uuguzi, na kiko katika mji mmoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kina mahali pazuri pa kuanzia. Kishirikiane na Baraza la Wauguzi la Kenya kuandaa mtaala wa miaka mitatu kwa wenye shahada za fani nyingine. Kozi za jumla zilizofuzwa ziondolewe na likizo ndefu zitumiwe kwa mafunzo, ila saa za wodini zisiguswe hata moja.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mosi, itasemwa kwamba haraka haraka haina baraka, hasa uhai wa mtu unapohusika. Nakubali, na ndiyo sababu sipendekezi kupunguza chochote kinachomhusu mgonjwa. Kinachopunguzwa ni marudio. Pili, itasemwa kwamba mwanafunzi wa sanaa hana sayansi. Wengine hawana kweli, na hao wasiruhusiwe kupita dirishani. Masharti ya kidato cha nne yabaki yalivyo: alama ya C+ kwa jumla, na C+ katika biolojia, kemia, hisabati au fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Tazama, msomaji, neno hilo "au". Waliotunga masharti hayo waliitambua lugha yetu kuwa ufunguo wa wodi, ilhali sisi wenyewe tunaona haya kuitaja mbele ya daktari.

Tatu, na hili ndilo zito, itasemwa kwamba uuguzi nao hauna ajira ya hakika. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takribani miezi mitano, ulituonyesha kwamba kazi hiyo ina machungu yake. Simwahidi mtu pepo. Anayeingia kwa sababu ya mshahara pekee atateseka, na atakayeteseka zaidi ni mgonjwa wake. Lakini hoja hii haihalalishi kumwongezea mtu mwaka mzima wa karo bila faida. Ikiwa njia ni ngumu, basi angalau isiwe ndefu kuliko inavyopaswa.

Tuje sasa kwa Kiswahili chenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo kwa lugha anayoielewa. Hospitali ya Kisii hupokea wazee wanaozungumza Ekegusii pekee, na pia wagonjwa kutoka Migori, Homa Bay na Narok. Katika mkusanyiko huo Kiswahili ndicho daraja, na daraja hilo lina mashimo. Mgonjwa anaposema "mshipa unaniuma", anakusudia mshipa wa damu, wa fahamu, au ngiri? Anapoambiwa dawa ni "mbili mara tatu", ameelewa kwamba ni vidonge viwili kila mara, asubuhi, mchana na jioni, au amepiga hesabu akameza sita kwa pamoja? Aliyesoma semantiki huzinusa hatari hizi kabla hazijazaa madhara. Huyu ndiye tunayemwita mtoro!

Kwa hiyo, anayetuma maombi asiombe radhi kwa shahada yake. Katika barua yake aeleze kwamba amefunzwa kusikiliza, kufafanua na kutafsiri, na kwamba wodi inamhitaji mtu wa namna hiyo. Kabla ya kulipa shilingi moja, ahakikishe kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza, apige hesabu ya karo yote hadi mwaka wa mazoezi, na aitafakari nafsi yake kama inaweza kukesha na mgonjwa.

Nasi tuliobaki katika idara tuna la kufanya. Wahadhiri waandike barua za mapendekezo kwa moyo mkunjufu, si kama wanaotia sahihi talaka. Vyama vya wanafunzi viwaalike wauguzi waliosoma Kiswahili watueleze ni msamiati gani unaokosekana wodini, ili tuufanyie utafiti. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinadharauliwa katika sayansi. Hakitaheshimiwa huko kwa makongamano peke yake. Kitaheshimiwa siku mgonjwa wa Keroka au Ogembo atakapoelezwa maradhi yake kwa lugha safi akaelewa, na anayemweleza awe mmoja wetu.