Miriam Makeba: Mwana Aliyenyimwa Kumzika Mama

Jina la Miriam Makeba likitajwa, wengi wetu hukumbuka "Pata Pata", na miguu haitulii. Wengine humkumbuka kwa "Malaika", wimbo wa Kiswahili alioufikisha mbali. Juma hili tumtazame akiwa mtoto na mzazi.

Alizaliwa tarehe 4 Machi, 1932, karibu na Johannesburg. Siku chache baadaye mama yake alikamatwa kwa kupika pombe ya kienyeji ya kuuza, jambo lililokatazwa na sheria. Faini haikupatikana, mama akafungwa miezi 6, na kitoto kichanga kikaingia gerezani pamoja naye. Miriam alipokuwa na umri wa miaka 6, baba alifariki. Mama akafanya utumishi katika nyumba za Wazungu, na binti akalelewa na bibi yake huko Pretoria. Alipokua, Miriam naye akashika kazi hiyo hiyo.

Sauti yake ndiyo iliyomtoa jikoni. Katika miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na Skylarks, kundi la wanawake watupu. Mwaka 1959 aliigiza katika "King Kong", mchezo wa muziki uliosimulia maisha ya bondia mmoja. Mwaka huo huo alionekana pia katika filamu "Come Back, Africa", iliyopigwa kwa siri na Mmarekani Lionel Rogosin ili kufichua maovu ya ubaguzi. Filamu hiyo ndiyo iliyomfikisha Ulaya, na baadaye Marekani.

Mwaka 1960 mama yake alifariki. Miriam alipotaka kurudi kumzika, aliambiwa kuwa pasipoti yake imefutwa. Hakunyamaza. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa. Makaburu wakamvua uraia na kuzipiga marufuku santuri zake. Nchi nyingine zilimfungulia milango, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile zilizompa pasipoti. Baadaye alifanya makao yake Guinea, na huko ndiko alikomzika Bongi, mwanawe wa pekee, mwaka 1985. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alirudi kwao mwaka 1990, baada ya miaka 30 hivi ya uhamishoni. Miaka miwili baadaye, katika filamu "Sarafina!", aliigiza mama anayetumikia nyumba ya Wazungu huku watoto wake wakiishi mbali naye. Maisha hayo hakuhitaji kufundishwa na mtu, kwani ndiyo aliyoishi mama yake. Alifariki Novemba 2008 nchini Italia, akiwa ametoka tu jukwaani.

Wasomaji, ubaguzi wa makaburu umekwisha, lakini utumishi wa nyumbani ungalipo, nao umo majumbani mwetu. Msichana anayetupikia na kutulelea watoto naye ana mama kijijini. Siku atakapoletewa habari ya msiba, tusianze kumhesabia siku wala kumwuliza nani atafua nguo. Tumpe nauli, tumpe na pole, aende akamzike mzazi wake. Haki hiyo Miriam Makeba aliikosa, na umaarufu wake wote haukuweza kumrudishia.