Kolwezi: mwandishi wa mutandao anaweza kuwa huru wakati nyumba si yake?

Tarehe 27/6/2019, udongo ulibomoka ku mugodi wa KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, sosiete yenye Glencore iko na sehemu kubwa, pale Kolwezi. Wachimbaji wa mikono walifunikwa. Glencore ilitangaza kwanza wafu 19. Gavana wa Lualaba wa wakati ule, Richard Muyej, akasema 36. Kisha hesabu ikapanda mpaka 43.

Leo musiba kama ule unafika kwanza ku simu: picha, sauti, majina. Kisha wiki mbili, yote inafunikwa na mazungumzo mengine. Mutu akitafuta kisha miaka tano, anapata tu habari ya mashirika makubwa ya inje na tangazo la sosiete.

Na si habari ndogo. Karibu sehemu saba kati ya kumi za kobalti yenye dunia inachimba inatoka Kongo, na nyingi inatoka Lualaba. Yale watu wa Kasulo, Kapata ao Luilu wanajua, nani anaiandika? Na maandishi yake yanakaa fasi gani? Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa mutandao, ule anayeandika juu ya muji wake bila kuajiriwa na gazeti, sosiete ao chama.

Mupangaji kwa Facebook

Wengi wanaandika ku Facebook na WhatsApp, na wako na sababu. Ni bure, na wasomaji wako pale tayari. Lakini mwandishi wa Facebook ni sawa mupangaji: mwenye nyumba anaweza kumufukuza siku yoyote. Watu wakipeleka malalamiko mingi juu ya ukurasa, unaweza kufungwa. Simu ikiibiwa na neno la siri likisahauliwa, kazi ya miaka inaenda nayo. Hata bila hayo, andiko la 2019 ni kazi kulipata chini ya mengine yote.

Kuwa na anwani yako mwenyewe kunaomba malipo kila mwaka, mara nyingi kwa dola na kwa karte ya benki, yenye vijana wengi hawana. Musomaji naye anahesabu mega zake. Ukurasa wenye picha nzito anauacha mbele haujafunguka. Kuanzia 2020 mpaka 2022 kulikuwa pia kodi ya RAM, ile ilikuwa inakatwa ku unite za simu, na watu walilalamika sana.

Njia moja ni kubeba muzigo pamoja. Kikundi cha Habari RDC, kilichoanza 2016 kwa musaada wa shirika la RNW Media la Uholanzi, kilikusanya vijana wa Lubumbashi, Goma, Kinshasa na kwingine wakaandika chini ya jina moja. Anwani moja, gharama moja, na wenzako wanasoma kazi yako mbele haijatoka. Lakini musaada wa inje uko na mwisho, kwa hiyo kikundi kinapashwa kujiuliza mapema nani atalipa kisha pale.

Makuta inatoka wapi?

Ku Kolwezi, wenye uwezo wa kulipa matangazo ni wachache: sosiete za madini, wanasiasa, na wafanya biashara wakubwa. Waandishi wa Kongo wote wanajua coupage, ile bahasha ya "transport" kisha mukutano. Leo unaitwa kuona shule mupya iliyojengwa na sosiete, unarudishwa na kitu kidogo. Mwezi ujao wakaaji wa kijiji jirani wanalalamika juu ya maji ya mutoni. Utaandika namna gani?

Wengine wanajibu kwa kuwa na kazi ingine: kufundisha, kuuza unite, kutengeneza simu. Inapunguza wakati wa kuandika, lakini hakuna mutu anashika mukono wao. Na ule aliyesafirishwa na sosiete anaweza kuandika wazi, ku mustari wa kwanza, kwamba sosiete ndiyo ililipa safari. Musomaji atapima mwenyewe.

Sheria na kukatwa kwa intaneti

Tarehe 13/3/2023 kulitiwa sahihi sheria mbili: ya habari, na ile ya mambo ya numeriki. Kifungu cha 360 cha hii ya pili kinasema ule anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mutu kwa mutandao anaweza kufungwa mwezi moja mpaka sita, ao kulipa franga 500.000 mpaka 1.000.000, ao yote mbili. Kusambaza tu kunatosha.

Tarehe 8/9/2023, Stanis Bujakera, wa Actualite.cd na Jeune Afrique, alikamatwa ku uwanja wa ndege wa N'djili, juu ya andiko la Jeune Afrique lenye halikukuwa na jina lake. Simu zake zilichukuliwa. Alihukumiwa miezi sita, akatoka Makala mwezi wa tatu 2024.

Jirani Tanzania, kanuni za 2018 ziliomba waandishi wa mutandao wajiandikishe na kulipa zaidi ya shilingi milioni 2. Wengi walifunga kazi.

Na kuna siku intaneti yenyewe inakatwa. Kisha uchaguzi wa 30/12/2018, Kongo ilikaa karibu siku 20 bila mutandao.

Kwa hiyo maandishi yenye kukaa ku simu moja tu ao ukurasa mumoja tu yako hatarini. Kopi inaweza kukaa ku karte ya kumbukumbu, kwa rafiki wa muji mwingine, hata ku karatasi. Radio inaweza kusoma andiko kwa wale hawana mega.

Hiyo inahusu pia Rubaya, Walikale na Mwenga, fasi mashimo yanabomoka na hesabu ya wafu inabishaniwa. Andiko lenye tarehe, jina la shimo, na jina la mwenye kutoa kila hesabu, lenye kukaa fasi linaweza kupatikana, ndilo jamaa ya marehemu wataonyesha siku watauliza haki yao.