Usiache Mbachao: Mfumo Mpya wa Kompyuta, Ubaki au Urudishwe?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wao hao walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizo mbili zimekuwa zikishindana katika nyumba nyingi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuuhudumia kwa kawaida mfumo wake wa kompyuta uitwao Windows 10, uliokuwa ukitumika tangu Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana yake. Kilichokoma ni matengenezo ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi. Wenye kompyuta waliambiwa wahamie Windows 11, mfumo uliotolewa Oktoba 2021. Wengi walihama, na baada ya siku chache baadhi yao wakaanza kujiuliza kama walifanya vyema.

Swali hilo si la maofisini peke yake. Linafika hata Gatumba, mji ulio kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, karibu na mahali mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika. Katika mji wa mpakani kompyuta moja huweza kutumikia watu wengi: huandikiwa barua za maombi, huwekwa hesabu za duka, hufanyiwa kazi za wanafunzi, na huhifadhi picha za ndugu walio mbali. Ikikorofishwa, kinachosimama ni riziki ya nyumba.

NYUMBA MOJA, MAONI MAWILI

Mfano wa nyumba ya namna hiyo ni huu. Baba ni askari na yuko kambini mkoani. Mama anaendesha kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Kijana wao, mwanafunzi wa sekondari, amerudi likizo, naye ameweka Windows 11 kwenye kompyuta ya kibanda bila kuuliza. Asubuhi yake mama anakuta alama za chini ya kioo zimehamia katikati, orodha ya maagizo aliyoizoea imefupishwa, na printa iliyokuwa ikimtii kwa miaka haijibu. Wateja watatu wanasubiri.

"Mwanangu, nirudishie kompyuta yangu kama ilivyokuwa," anasema mama.

"Mama, ule wa zamani hauna ulinzi tena," anajibu kijana. "Wezi wa mtandaoni wakiingia, hata picha za baba zitapotea."

Wote wawili wanasema kweli. Kosa la kijana ni kugusa chombo cha kazi bila idhini, tena bila kuweka nakala ya vilivyomo. Baba yake angemwambia kwamba kambini mtambo wa mawasiliano haubadilishwi usiku wa kuamkia zoezi. Lakini kwa kuwa jambo limekwisha tendeka, linalobaki ni kuamua kwa utulivu, na utulivu huanza kwa kujua muda uliopo.

SIKU KUMI ZA KURUDI

Mtu aliyehama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya kawaida ana siku 10 za kurudi alikotoka. Katika siku hizo mfumo wa zamani hukaa umehifadhiwa ndani ya diski, katika kabrasha liitwalo Windows.old. Kwa kompyuta zinazotumia Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Burundi, safari ya kurudi huanzia penye neno Paramètres, kisha Système, kisha Récupération. Barua, picha na hesabu hubaki mahali pake. Programu zilizowekwa baada ya kuhama huondoka, pamoja na mabadiliko ya mipangilio yaliyofanywa katika siku hizo.

Siku 10 zikipita, nafasi hiyo hupotea. Tena anayefuta mfumo uliotangulia ili apate nafasi katika diski hujifungia njia mwenyewe kabla ya siku hizo kutimia. Fundi anaweza kuuongeza muda huo hadi siku 60 kwa agizo maalumu, mradi alitoe kabla ya siku 10 kwisha. Ama kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na Windows 11 tangu dukani haina njia hiyo kabisa; kuitia mfumo mwingine ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Kwa hiyo mama wa Gatumba halazimiki kuamua kwa hasira siku ya kwanza. Lakini yafaa aiandike tarehe ya mwisho ukutani, kwani mwenye kusahau huwa amekwisha kuamua bila kujua.

WALIORUDI NYUMA ZAMANI

Kusita mbele ya mfumo mpya si ujinga wala ushamba. Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, watu na makampuni wengi waliiona nzito, wakairudia Windows XP ya mwaka 2001. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha kuanzia ambacho watu walikizoea tangu mwaka 1995. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha. Mwezi Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilifuta faili za baadhi ya watumiaji, na Microsoft ikalisimamisha siku chache tu baada ya kulitoa, hata likarekebishwa na kutolewa tena Novemba. Mwenye kungoja wiki kadhaa kabla ya kupokea toleo jipya ana hoja.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya kungoja na kukaa nyuma daima. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa siku chache, ikazifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu, na viwanda vya magari vya Renault huko Ufaransa vikasimamisha kazi. Ufa ulioingiwa ulikuwa umezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakupokea matengenezo, wengi wao wakiwa na Windows 7. Kompyuta isiyotengenezwa ni kama nyumba ambayo kila mwezi magazeti hutangaza ni dirisha lake lipi halina komeo.

Microsoft iliweka muda wa nyongeza kwa kompyuta za nyumbani zenye Windows 10, uliopangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026, kwa wale waliojiandikisha kwa akaunti ya kampuni hiyo au kulipa dola 30. Muda huo uliwekwa ili watu wajiandae. Anayerudi Windows 10 amejinunulia nafasi ya kujipanga, wala hakupata makao ya kudumu.

KUIPIMA MASHINE

Neno la pili la kuuliza ni kama mashine yenyewe inauweza mfumo mpya. Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, kichakato kilicho katika orodha ya vilivyokubaliwa, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa vichakato vya Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha nane, vilivyotoka mwaka 2017. Kompyuta inayouzwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine huweza kuwa ya kabla ya hapo.

Wapo mafundi wanaoulazimisha mfumo uingie katika mashine isiyostahili kwa kuruka vipimo. Huingia, na siku ya kwanza mteja hufurahi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina dhamana ya kupata matengenezo. Aliyelazimishiwa hivyo ahesabu gharama mara mbili kabla ya siku zake 10 kwisha, kwani amebeba uzito wa mpya bila hakika ya ulinzi uliomfanya ahame.

Hata inayostahili hutofautiana. Gigabaiti 4 hutosha kuwasha, hazitoshi kufanyia kazi siku nzima bila mtu kukereka. Mara nyingi kuongeza kumbukumbu, au kuondoa diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kuweka diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, huponya uzito ambao watu huutupia mfumo.

UPYA NA UBOVU NI VITU VIWILI

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Alama zilizohamia katikati ni upya. Hurudishwa kushoto kwa kubadili mpangilio mmoja, tena mkono huzoea baada ya wiki. Orodha iliyofupishwa ni upya. Yaliyofichwa yamo katika mstari wake wa mwisho. Lakini printa isiyochapa, programu ya hesabu isiyofunguka, au mashine inayojizima ni ubovu, na ubovu ndio unaohesabika katika kuamua.

Katika mfano wa kibanda cha Gatumba, mama na kijana wake wanaweza kuchukua karatasi na kuigawa safu mbili. Upya wanaupa siku tano za kuzoewa. Ubovu wanautafutia dawa mmoja mmoja, wakianza na printa: kijana anatafuta katika ukurasa wa mtengenezaji programu ya kuiendeshea iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows 11. Ikipatikana na printa ikatii, sababu kubwa ya kurudi imeondoka. Isipopatikana kufikia siku ya nane, warudi bila kuoneana haya, kwa sharti kwamba kila mwezi kitengwe kiasi fulani cha fedha kwa ajili ya printa nyingine. Baba akipiga simu kutoka kambini apewe habari zote mbili, gharama na sababu, ili uamuzi uwe wa nyumba nzima.

KABLA YA KUBONYEZA

Awe anakwenda mbele au anarudi nyuma, mwenye kompyuta ana mambo manne ya kutimiza.

La kwanza ni nakala. Ahadi ya kwamba faili hubaki ni nzuri, lakini haitoshi kuwekea rehani picha za baba akiwa Somalia, ambako wanajeshi wa Burundi walianza kutumikia mwaka 2007, wala vyeti vya watoto. Viwekwe katika diski ya nje au flashi, na nakala ya pili ikae kwa jamaa anayeishi mahali pengine. Watu wa Gatumba hawana haja ya kufundishwa hilo: mafuriko ya Rusizi ya Aprili 2020 yaliingia majumbani na kuwahamisha maelfu, na maji yakipanda, kompyuta na nakala iliyo kwenye kabati hilo hilo huzama pamoja.

La pili ni ufunguo wa dharura. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa siri ili mwizi asiisome. Baada ya mabadiliko makubwa zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandikwe karatasini mapema na utunzwe pamoja na hati za nyumba. Wengi waliodhani kompyuta imekufa walikuwa wamekosa ufunguo huo tu.

La tatu ni neno la siri. Anayerudi atadaiwa lile alilolitumia katika mfumo wa zamani. Tena ajihadhari na mpangilio wa herufi: mfumo uliowekwa upya ukisoma bao la Kifaransa kana kwamba ni la Kiingereza, A hugeuka Q na M hupotea mahali pake, na neno sahihi hukataliwa.

La nne ni umeme na kifurushi cha intaneti. Mfumo mpya hupakua gigabaiti kadhaa, na umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inaweza kushindwa kuwaka tena. Kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa na ichomekwe. Ya mezani isiguswe siku ambayo umeme unakatikakatika.

NJIA YA TATU

Kwa mashine nzee isiyoukubali mpya wala kulindwa na wa zamani, iko njia ya tatu, nayo ni mifumo huria ya Linux kama vile Ubuntu na Linux Mint, isiyouzwa wala kudai kibali. Hupata matengenezo yake, na huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Waandishi wa Kiswahili si wageni katika uwanja huo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa barua, hesabu na masomo Linux hutosha. Asiyefaa kuhamia huko ni yule ambaye kazi yake inategemea programu moja iliyotengenezwa kwa Windows peke yake.

Basi hukumu ni hii. Mashine inayostahili, yenye kazi zake zote zinazotendeka, ibaki na mfumo mpya hata kama sura yake haijapendeza macho. Mashine inayostahili lakini imekosa chombo kimoja cha riziki, irudi ndani ya siku zake, na tarehe ya kuhama tena ipangwe mapema. Mashine isiyostahili isilazimishwe. Itafutiwe mfumo huria, au itengwe na intaneti ifanye kazi za ndani tu. Na kijana mwenye maarifa aachwe ayatumie, ila aanze kwa kuomba ruhusa na kuweka nakala.