Herufi moja yatosha kuishinda dawa ya Ukimwi

KILA mara dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV) zinapoadimika nchini, serikali na wafadhili hulaumiana, kisha suala hilo husahaulika shehena mpya inapowasili. Hata hivyo, madhara ya pengo hilo huweza kubaki katika jeni za virusi vyenyewe.

Maagizo yote ya virusi hivyo yamo katika nyukleotidi zipatazo 9,700, ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi nne. Herufi husomwa tatu tatu, na takriban kila kundi huagiza asidi amino moja ya kujengea protini. Kwa kuwa makundi ni 64 na asidi amino ni 20 pekee, baadhi ya makosa hayabadilishi lolote.

Mathalani, katika nafasi ya 103 ya kimeng'enya kinachonakili jeni hizo, herufi ni AAA. Zikigeuka AAG, protini husalia ilivyo. Zikigeuka AAC, dawa za nevirapine na efavirenz hushindwa kufanya kazi.

Kimeng'enya hicho hakisahihishi makosa yake, na mwili usiotibiwa huzalisha mabilioni ya virusi kila siku. Mgonjwa akimeza dawa zote bila kukosa, virusi hukosa nafasi ya kuzaana. Akikatiza, nevirapine na efavirenz hukawia kutoka mwilini kuliko dawa zinazoandamana nazo. Hapo virusi hukabiliana na dawa moja pekee, na vile sugu hustawi.

Usugu huo ni mojawapo ya sababu zilizolifanya Shirika la Afya Duniani (WHO) kupendekeza dolutegravir mnamo 2019. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuanza kuitumia, mnamo 2017. Virusi huishinda dawa hiyo kwa taabu zaidi, lakini si muhali.

Ndiposa matukio ya majuzi yanatia wasiwasi. Mnamo 2021, shehena ya ARV ilikwama katika bandari ya Mombasa kwa mvutano wa ushuru. Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya kigeni.

Ni dhahiri kwamba kutenga fedha za humu nchini za kununua dawa na kupima wingi wa virusi si suala la bajeti pekee. Dawa ikishashindwa, shehena mpya ya dawa iyo hiyo haitamfaa mgonjwa.