Krismasi Imekaribia: Mchuma Janga Hula na wa Kwao



Zimebaki siku chache tu kufika tarehe 25 Desemba 2020. Katika miaka ya kawaida, haya ndiyo majuma ambayo jiji la Kampala huanza kupungua watu. Vituo vya mabasi hufurika, nauli hupanda, na kila mwenye asili ya Arua, Soroti, Kabale au Kisoro hufunga mizigo yake: mchele, sukari, sabuni, pamoja na kitenge cha mama na cha bibi. Mwaka huu mizigo inafungwa vilevile, lakini safari imewekewa masharti. Ningependa tuyatafakari masharti hayo tukiwa raia, wala si wasafiri tu, kwa kuwa somo la uraia lisilotufaa wakati wa dhiki halina maana ya kufundishwa.

Kwanza tuyataje. Kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, huanza saa tatu usiku na kwisha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Waendesha bodaboda hutakiwa kuacha kubeba abiria mapema zaidi, saa kumi na mbili jioni. Taksi yenye viti 14 vya abiria hutakiwa kubeba nusu yao. Kuvaa barakoa hadharani ni lazima. Makanisa na misikiti iliyofungwa mwezi Machi imefunguliwa, lakini waumini wa ibada moja hawapaswi kuzidi 200. Baa na kumbi za dansi zingali zimefungwa. Shule nazo zilifungwa tarehe 20 Machi, na ni madarasa ya watahiniwa pekee yaliyorejea tarehe 15 Oktoba. Ninyi mlio katika madarasa mengine mmekaa nyumbani miezi tisa sasa.

Masharti haya mnayajua. Lililo gumu ni swali ambalo vijana hunitolea kila mara tunapoyazungumza: "Mwalimu, ikiwa wanasiasa hukusanya umati kila siku, kwa nini mimi nizuiwe kula Krismasi na jamaa zangu?" Hili ni swali la haki. Asiyekuwa tayari kulijibu hafai kuwahubiria wengine utiifu.

Uchaguzi mkuu wa nchi yetu utafanyika tarehe 14 Januari 2021. Mikutano ya kampeni iliwekewa kikomo cha watu 200, lakini tumeona kwa macho yetu misafara na mikusanyiko isiyohesabika. Tarehe 18 Novemba mgombea urais Robert Kyagulanyi alikamatwa wilayani Luuka kwa madai ya kukiuka masharti hayo. Ghasia zilizofuata ziligharimu maisha ya watu zaidi ya 50. Wakati huohuo, wananchi wameona umati wa wagombea wengine ukipita bila kuguswa. Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria ikikata upande mmoja tu, huacha kuwa msumeno na kugeuka panga mkononi mwa mwenye nguvu. Kwa hiyo, mwanafunzi anayelalamika kwamba kipimo si kimoja hakosei, na simwambii anyamaze.

Zaidi ya hayo, Katiba yetu ya mwaka 1995 inampa msingi wa kusema. Ibara ya 23 inakubali kwamba uhuru wa mtu unaweza kupunguzwa ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa kuambukiza. Kwa hiyo masharti ya afya si uzushi uliobuniwa mwaka huu. Waliotunga Katiba waliyafikiria. Lakini Ibara ya 43 inaweka mpaka: maslahi ya umma hayawezi kuwa kisingizio cha kuwatesa watu kwa sababu za kisiasa, wala cha kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, wala cha kuzuia haki kupita kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Nayo Ibara ya 44 inasema wazi kwamba ulinzi dhidi ya mateso na dhidi ya vitendo vya kudhalilisha utu haupunguzwi kwa hali yoyote ile. Askari anayemkuta mchuuzi njiani baada ya saa tatu usiku ana mamlaka ya kumsimamisha na kumchukulia hatua kwa mujibu wa sheria. Hana mamlaka ya kumchapa fimbo. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya sheria na mabavu, na kila mwanafunzi wa uraia anapaswa kuijua.

Hata hivyo, kulalamika kwa haki ni jambo moja, na kupata kibali cha kufanya kosa lilelile ni jambo jingine. Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi. Wanasema: "Wao wamevunja, basi nasi tuvunje." Tuitazame hoja hiyo kwa makini. Ingekuwa na nguvu kama adhabu ya kuvunja masharti ingemwangukia mwanasiasa aliyetangulia kuyavunja. Lakini virusi havijui nani aliyetangulia. Nikijazana na wenzangu ndani ya taksi, kisha niingie kijijini nikikohoa, sitakuwa nimemkomoa mgombea yeyote. Atakayelipa ni bibi yangu.

Lugha yetu ina methali inayolieleza jambo hili kwa maneno machache: mchuma janga hula na wa kwao. Tuifafanue kwa ajili ya wanaojifunza. Kuchuma ni kukusanya, kama mtu achumavyo matunda mtini. Mchuma ndiye afanyaye kazi hiyo. Janga ni balaa kubwa. "Wa kwao" ni watu wa nyumbani kwake. Mtu huenda mbali, huchuma balaa kwa tamaa yake au kwa uzembe wake, kisha hulileta nyumbani, na jamaa wote wakalila pamoja naye. Tena, neno hilo hilo janga ndilo tunalolitumia leo kuutaja ugonjwa wa korona. Methali hii ni ya kale sana, lakini mtu angeweza kudhani kwamba ilitungwa kwa ajili ya Desemba hii.

Nieleze namna janga linavyochumwa. Mtu aliyeambukizwa huweza kukaa siku mbili hadi siku 14 kabla ya kuona dalili, na huweza kuwaambukiza wengine hata kabla ya kujisikia vibaya. Wengine hawaoni dalili kabisa. Kipima joto kinachoelekezwa kwenye paji la uso mlangoni mwa kanisa au mwa duka hakiwezi kumtambua mtu wa namna hiyo. Chukua mfano wa kijana anayeambukizwa mjini tarehe 20. Anasafiri tarehe 22 akiwa mzima. Tarehe 25 anakaa na jamaa 15 katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, wanaimba, wanakula, wanacheka. Mwanzoni mwa Januari yeye amekwisha kurudi mjini, na pengine alipata mafua ya siku tatu tu. Mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu anabaki kijijini, mbali na hospitali yenye oksijeni. Serikali imekwisha kutangaza vifo zaidi ya 200 vya korona nchini. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 40, idadi hiyo huonekana ndogo, na udogo huo ndio unaotulegeza. Lakini hakuna anayezika idadi. Kila mmoja huzika mtu wake.

Wapo watakaosema kwamba Krismasi haiwezi kupunguzwa, kwa maana ni sikukuu ya imani. Ningewakumbusha mambo mawili. La kwanza, mwaka huu Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili, wakati makanisa yamefungwa, na Wakristo wakasali majumbani. Ndugu zetu Waislamu walifunga mwezi mzima wa Ramadhani misikiti ikiwa imefungwa, wakaswali Idi ya mwezi Mei nyumbani, bila kukumbatiana na bila kutembeleana. Hata hija ya Namugongo ya tarehe 3 Juni, ambayo kila mwaka huwavuta mahujaji kutoka nchi nyingi, haikufanyika kwa umati. Imani za watu hawa hazikufa. La pili, Krismasi ya kwanza yenyewe, kama Injili inavyosimulia, ilitokea katika safari iliyoletwa na amri ya serikali ya kuhesabu watu, ugenini, mahali pasipokuwa na nafasi, na waliohudhuria walikuwa wachache.

Basi, tufanye nini? Sishauri kila mtu abaki mjini. Ninajua kwamba kwa wengi safari ya Desemba ndiyo safari pekee ya mwaka, na mzazi mzee naye anahitaji kumwona mwanawe. Ninashauri kila familia ifanye jambo ambalo raia hufanya: ikae, ipime na iamue kwa hoja. Nani asafiri, na nani atume pesa kwa simu badala ya kwenda mwenyewe? Je, aliyekuwa akikohoa juma lililopita hawezi kungoja hadi Januari? Atakayesafiri aondoke mapema, asije akakwama njiani kafyu ikianza, akalazimika kulala kituoni katikati ya umati. Ndani ya gari avae barakoa mdomoni na puani, wala si kidevuni, na dirisha liwe wazi hata kama upepo unasumbua. Akifika, asalimie kwa kuinamisha kichwa. Wazee wetu watatambua kwamba heshima ipo moyoni hata mkono usipotolewa. Chakula kiliwe nje, chini ya mwembe au kwenye kivuli cha migomba, badala ya sebuleni. Kanisa lenye waumini wengi ligawe ibada mara tatu au nne. Vijana mnaoweza kuhudhuria ibada ya alfajiri, waachieni wazee ile ya saa nne.

Kuna jambo jingine linalohusu haki. Mzigo wa masharti haya haulingani kwa wote. Mwenye mshahara wa serikali ameendelea kuupokea. Mwalimu wa shule binafsi ana miezi mingi bila malipo, na wengi wameingia katika uchuuzi na kilimo. Mwenye baa amefunga tangu Machi. Mwendesha bodaboda amenyang'anywa zile saa za jioni zilizokuwa zikimpa kipato kizuri. Unga na maharagwe ya msaada vilivyogawiwa na serikali mwezi Aprili vililengwa kwa wakazi wa Kampala na Wakiso. Kwa hiyo, anayeona masharti kuwa mepesi asimdharau anayeyalalamikia. Badala ya kumwita jirani mkaidi, mpelekee kilo mbili za mchele. Kuwasaidia walioumizwa na masharti ni sehemu ya kuyafanya masharti hayo yavumilike, na ni njia nzuri zaidi ya kusherehekea kuliko kununua nguo mpya.

Viongozi nao wana deni kwetu. Wakitaka kutiiwa, wao wawe wa kwanza kutii. Waeleze sababu ya kila sharti, kwa lugha ambazo watu wanazielewa, badala ya kutangaza amri tu. Waseme kwa nini saa tatu na si saa nne, kwa nini soko la mchana limejaa ilhali baa imefungwa. Mwananchi aliyeelezwa hujilinda hata pasipo na askari. Mwananchi aliyetishwa hujilinda dhidi ya askari tu, na akishampita kwenye kizuizi huvua barakoa yake.

Namalizia kwa jambo linalowagusa ninyi wanafunzi moja kwa moja. Milango ya shule bado haijafunguliwa kwa wengi wenu. Kila ongezeko la wagonjwa baada ya sikukuu litakuwa sababu nyingine ya kuiacha imefungwa, na anayeumia zaidi kwa kufungwa huko ni mtoto wa kijijini asiye na redio wala simu ya kujifunzia. Tukiilinda Krismasi hii, tunailinda pia Februari yenu. Lalamikeni panapostahili, kwa kalamu, kwa hoja, na kwa kura kwa wale waliotimiza miaka 18. Lakini mfikapo nyumbani, pangeni viti nje na msogee mbali kidogo na bibi. Atauliza kwa nini, nanyi mtamweleza kwa upole. Kumweleza huko nako ni kazi ya raia.

Nawatakia Krismasi yenye afya, na tuonane darasani.