Si kila mara intaneti ‘imelala’: Hitilafu ya majina inavyozikwamisha ofisi ndogo Machakos

KILA ifikapo tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru wa VAT, ofisi nyingi ndogo katika miji kama Machakos hujikuta katika mbio za dakika za mwisho.

Anayechelewa hutozwa faini ya Sh10,000 au asilimia tano ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiwango kilicho kikubwa zaidi. Kwa mfanyabiashara wa kadiri, hizo si pesa za kuchezea.

Ndiposa tovuti ya Halmashauri ya Ushuru Nchini, KRA, inapokataa kufunguka, lawama hurushwa haraka. Kampuni ya intaneti imelala, husema mmoja. Mitambo ya serikali imeshindwa tena, husema mwingine.

Lawama hizo wakati mwingine huwa na msingi. Lakini zipo nyakati ambapo waya ni mzima, tovuti ni nzima, na tatizo limejificha ndani ya ofisi yenyewe, katika mpangilio wa seva za majina, yaani mfumo unaojulikana na mafundi kwa herufi tatu, DNS.

Jambo hili lililokuwa zamani la mafundi pekee sasa limekuwa suala la uchumi na utawala, kwa sababu shughuli za dola zimehamia mtandaoni kwa kasi.

Mahakama ilianza kupokea kesi kwa njia ya kielektroniki jijini Nairobi Julai 2020, kabla ya mpango huo kuenezwa kwingineko. Mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021. Juni 30, 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 katika jukwaa la eCitizen. Na tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa ushuru.

Machakos una Mahakama Kuu, makao ya serikali ya kaunti na chuo kikuu. Umejaa afisi za mawakili, wahasibu, vyama vya ushirika, zahanati na shule za kibinafsi. Kwa ofisi hizo, jina la tovuti lisipopatikana, kazi husimama.

DAFTARI LA MAJINA

Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa nambari. Mtu anapoandika jina la tovuti, kompyuta yake huiuliza kwanza seva ya majina: nambari ya mwenye jina hili ni ipi? Ikijibiwa, ndipo safari ya kwenda kwa tovuti yenyewe huanza.

Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati orodha moja ya majina iliyokuwa ikinakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta iliposhindwa kubeba mtandao uliokuwa ukipanuka.

Ni kama kumtafuta mtu kwa simu. Laini inaweza kuwa safi na mwenye simu awe macho, lakini kama nambari iliyoandikwa kwenye daftari ni ya mtu mwingine, mazungumzo hayatakuwapo.

Wakazi wa Machakos wanafahamu vyema jinsi jina likinakiliwa visivyo linavyodumu. Mji wao ulitokana na jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba, ambalo wageni walilitamka na kuliandika walivyolisikia. Zaidi ya karne moja baadaye, kosa hilo lingali kwenye ramani.

Katika kiwango cha taifa, Kenya haikubaki nyuma. Kikoa cha .ke kilisajiliwa Aprili 1993, na usimamizi wake ukaidhinishwa kwenda kwa shirika la KENIC Desemba 2002. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP jijini Nairobi, ambacho kilifungwa mwishoni mwa mwaka 2000 baada ya malalamishi ya Telkom Kenya, kilirejea kazini Februari 2002.

Mwaka 2022, shirika la ICANN linaloratibu majina ya mtandao duniani lilitangaza kwamba Kenya ingekuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuwekewa kundi la seva za mzizi zinazosimamiwa na shirika hilo.

Kwa hivyo barabara kuu imejengwa. Taabu imebaki kwenye kichochoro cha mwisho, kati ya ruta iliyotundikwa ukutani na meza ya karani.

OFISI YA MCHANGANYIKO

Chukua mfano wa afisi ya mawakili yenye kompyuta nane. Tano zinatumia Windows, mbili ni Mac za mawakili wakuu, na moja ya mhasibu inaendeshwa na Linux. Kuna printa moja, simu za wafanyakazi zilizounganishwa bila waya, na kompyuta kuu inayohifadhi faili za wateja.

Kompyuta hiyo kuu ndiyo pia seva ya majina ya ndani. Ni yeye pekee anayejua kwamba jina la kabati la faili ni nambari fulani. Seva za nje, ziwe za Nairobi au za California, hazina habari hiyo.

Siku moja intaneti inasuasua. Fundi anaitwa, naye kwa nia njema anaongeza seva ya Google yenye nambari 8.8.8.8, iliyoanza kutoa huduma kwa umma Desemba 2009, iwe ya pili kwenye kila kompyuta. Tovuti zinafunguka na fundi analipwa.

Baada ya siku mbili, faili za wateja zinaanza kupotea na kurejea. Karani mmoja anaziona, mwenzake hazioni. Mchana mambo yanatulia, jioni yanaharibika tena.

Kiini chake ni dhana potovu kwamba seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inaposhindwa kujua jibu. Sivyo. Huulizwa pale ya kwanza inapokosa kujibu kabisa, hata kwa sekunde chache. Ikiulizwa seva ya nje kuhusu jina la ndani, hujibu kwa uhakika kwamba jina hilo halipo duniani. Kompyuta huliamini jibu hilo na haiendi kuuliza kwingine.

Tena mifumo haifanani. Mmoja hurudia seva ya kwanza mapema, mwingine hushikilia ile iliyomjibu mwisho. Ndiyo sababu hitilafu ile ile huonekana kwenye meza moja na isionekane kwenye nyingine, na wafanyakazi wakaanza kushukiana.

Kompyuta za Mac zina kisa chao. Miaka ya 2000, ofisi nyingi zilizofunga seva ndogo za Microsoft zilipewa majina ya ndani yenye kikomo cha .local. Kikomo hicho hicho kilikuwa kikitumiwa na Apple kwa mfumo wake wa vifaa kutafutana vyenyewe, na Februari 2013 kiliwekwa rasmi kwa kazi hiyo. Matokeo ni kwamba Mac hulitafuta jina hilo kwa majirani badala ya kuiuliza seva.

Kwenye Linux, fundi anaweza kuhariri faili ya mpangilio kwa mkono, akaridhika, na kesho yake akakuta programu nyingine imeifuta kazi yake. Aidha, baadhi ya vivinjari vya siku hizi huweza kutuma maswali ya majina moja kwa moja kwa seva za nje kwa njia ya siri, vikiipita seva ya ofisi kana kwamba haipo.

LAINI MBILI, TAABU MBILI

Tatizo jingine limezaliwa na busara. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na kuivuruga intaneti Afrika Mashariki. Visa vya aina hiyo, pamoja na kukatika kwa umeme, vimezifundisha ofisi kuwa na laini ya akiba: waya wa kampuni moja na modemu ya simu ya kampuni nyingine.

Hata hivyo, seva za majina za kampuni nyingi za intaneti huhudumia wateja wao pekee. Ikiwa kompyuta za ofisi zimefungiwa seva za kampuni ya kwanza, basi siku laini ya pili inaposhika kazi, maswali yao hufika mlangoni na kufukuzwa. Laini ya akiba iko hewani, malipo yake yamefanywa, lakini hakuna tovuti inayofunguka.

Mwenye ofisi huhitimisha kwamba kampuni ya pili nayo ni bure. Hutafuta ya tatu. Gharama huongezeka na kosa hubaki pale pale.

Si wadogo pekee wanaoumbuka. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita baada ya kosa la mpangilio kuzifanya seva za majina za kampuni hiyo zisifikike. Oktoba 20, 2025 huduma nyingi duniani zilikwama kutokana na hitilafu katika rekodi za majina kwenye vituo vya Amazon Web Services vya jimbo la Virginia.

Tofauti ni kwamba kampuni hizo zina majeshi ya wahandisi. Afisi ya Machakos ina nambari ya fundi mmoja, ambaye huenda yuko Kangundo akishughulikia kazi nyingine.

WEZI WA MAJINA

Zaidi ya usumbufu, kuna hatari ya wizi. Anayeidhibiti seva ya majina anaweza kumpeleka mtu kwenye tovuti bandia akidhani yuko kwenye benki yake.

Novemba 2011, wapelelezi wa Marekani, FBI, walitangaza kuvunja genge lililoendesha shughuli zake kutoka Estonia. Programu yake hasidi, DNSChanger, ilikuwa imebadilisha mpangilio wa seva za majina katika takriban kompyuta milioni nne katika nchi zaidi ya 100.

Mahakama ilibidi iruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za wahalifu ili waathiriwa wasikatikiwe ghafla. Seva hizo zilizimwa Julai 9, 2012, na ambaye hakuwa amesahihisha mpangilio wake alijikuta gizani.

Ruta nyingi zingali na nenosiri lililotoka nalo kiwandani. Katika ofisi inayohifadhi hatimiliki za ardhi na rekodi za wagonjwa, huo ni mlango usio na komeo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mwenye ofisi ndiye anayewajibika kuzilinda taarifa hizo.

Ni vyema pia kutofautisha. Shambulio lililoikumba eCitizen Julai 2023 halikuwa la aina hii. Mitambo ilifurikwa na maombi ya uongo, na hakuna fundi wa Machakos ambaye angeliondoa kwa kubadilisha mpangilio. Kujua tofauti kati ya hali hizo mbili ndiko kunakookoa muda.

NINI KIFANYWE

Hatua ya kwanza haihitaji pesa. Kabla ya kulaumu yeyote, kompyuta iulizwe maswali kwa utaratibu. Je, inaifikia ruta? Je, inaifikia nambari ya nje? Ikiwa inafikia nambari lakini haifikii jina, tatizo ni la majina. Kisha swali lile lile liulizwe kwa seva mbili tofauti, na kwa kompyuta inayofanya kazi na isiyofanya kazi. Majibu yakitofautiana, kosa limepatikana.

Ya pili ni kuwa na chanzo kimoja cha mpangilio. Ofisi yenye seva ya ndani iziagize kompyuta zote kuiuliza hiyo pekee, nayo ndiyo ipeleke nje maswali isiyoyajua. Isiyo na seva iiachie ruta kazi hiyo, ikitumia seva za nje zinazopatikana kupitia laini zote mbili. Ruta ya pili isichomekwe kiholela, kwani huanza kugawa mpangilio wake na kuwachanganya wote.

Majina ya ndani nayo yaachane na .local. Ofisi yenye kikoa chake cha .co.ke inaweza kutenga tawi la ndani. Aidha, Julai 2024 bodi ya ICANN ilitenga kikomo cha .internal kwa matumizi ya faragha, kisipate kamwe kuuzwa kwa umma.

Wapo wanaodai kwamba haya yote yamepitwa na wakati kwa kuwa faili zinahamia kwenye hifadhi za mtandaoni. Kuna ukweli ndani yake. Lakini printa bado iko ofisini, na kadiri kazi inavyohamia nje ndivyo kila kubofya kunavyotegemea jina kupatikana.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Ikiwa raia analazimishwa kulipa ushuru na kuwasilisha kesi mtandaoni, basi taasisi husika zina wajibu wa kutoa taarifa za haraka zinazoeleza iwapo mitambo yao imeanguka au la, ili mwananchi ajue atafute kosa wapi. Kampuni za intaneti ziwaachie wateja karatasi yenye mpangilio kamili, si ruta inayowaka taa pekee.

Na serikali za kaunti, ambazo chini ya Katiba ya 2010 ndizo zinazosimamia vyuo vya kiufundi vya vijijini, zina nafasi ya kuwafunza vijana kazi hii. Fundi anayejua kusoma jibu la seva ya majina ana soko katika kila orofa ya mji wa Machakos.

Mpaka hilo litimie, daftari la kawaida lenye orodha ya nambari za vifaa, seva zilizochaguliwa na tarehe ya kila badiliko litabaki kuwa kinga ya bei nafuu kuliko zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa usiku wa tarehe 20.