CHAI YA ATEMISIA SI BADALA YA DAWA YA MSETO

Ndugu waumini, limekuwa jambo la kawaida kwetu, kila tutokapo katika swala ya Ijumaa, kukuta mlangoni meza iliyopangwa vifurushi vya majani makavu ya atemisia. Muuzaji huyanadi kuwa yanatibu malaria, kisukari, presha na kadhalika, na wapo wanaoyapamba kwa jina la Tiba ya Mtume (s.a.w.). Hatuna ugomvi na mwenye kutafuta riziki ya halali. Lakini tumeletewa habari ya mtoto aliyenyweshwa chai hiyo kwa siku nne. Homa ikashuka, wazazi wakashukuru, kisha ikarejea pamoja na degedege. Alhamdulillah, aliwahishwa hospitali.

Mmea huu asili yake ni China, na huko huitwa qinghao. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika namna ya kuutumia kwa homa: konzi moja ya majani iloweshwe, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Mwenye kuunasibisha na Mtume (s.a.w.) atuletee hadithi na isnadi yake, kwani kumzulia Mtume si jambo jepesi.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou, aliyejiunga nao mwaka 1969, alihangaika na mmea huu bila mafanikio ya kuaminika, mpaka aliporejea maandishi ya Ge Hong akaona kuwa hayakutaja kuchemsha. Akatambua kuwa huenda moto ndio unaoharibu dawa, akaikamua kwa etha katika joto dogo, na mwaka 1971 akafanikiwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Na sisi leo tunaambiwa tuyachemshe majani hayohayo!

Hivyo hatusemi kuwa mmea hauna dawa. Dawa imo, nayo ni atemisinini, lakini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake hutofautiana kwa mbegu, shamba na wakati wa kuvuna. Anayekunywa kikombe hajui amekunywa kiasi gani. Tena atemisinini hutoka mwilini kwa saa chache tu. Utafiti uliofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2004 ulionesha kuwa wengi walionywa chai hiyo walipata nafuu ndani ya wiki moja, lakini baada ya wiki chache vimelea vikawarudia wengi wao. Ndiyo maana dawa ya mseto huunganisha dawa ya jamii ya atemisinini, inayoua vimelea haraka, na lumefantrini, inayobaki mwilini kwa siku kadhaa kumalizia vilivyosalia. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza wazi kuwa haliungi mkono matumizi ya majani haya kutibu au kukinga malaria.

Lipo na la jirani. Kimelea kinachokutana na dawa kidogo kidogo bila kufa hujifunza kuihimili. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na hata mkoani Kagera. Dawa hii ikishindwa, hatuna nyingine ya kutosha mkononi. Basi anayejinywea chai nyumbani asidhani kuwa jambo hilo ni lake peke yake.

Tunaziomba kamati za misikiti zisiruhusu majani haya yanadiwe viwanjani mwetu kuwa ni tiba ya malaria. Mwenye homa apimwe kwanza. Akikutwa na malaria isiyo kali na kupewa mseto wa ALu, atumie dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, hata kama homa imeondoka siku ya kwanza. Na ambaye amekwisha kuanza chai na bado anaumwa, aende kituo cha afya leo hii, na amweleze tabibu bila kuona haya alichokunywa na kwa siku ngapi.